Kodi ni wizi? Na kama sio wizi, ilipie nini hasa?

Msomaji mmoja kaniandikia hivi, nafupisha: kila mwezi mshahara wangu unakatwa kodi hata haujanifikia mkononi, nikinunua kitu nalipa kodi tena juu ya bei, na pamoja na yote hayo watoto nawasomesha kwa hela yangu, nikiumwa natumia bima yangu, usiku mlinzi namlipa mimi. Mtu akichukua hela yangu bila ridhaa yangu tunasema kaiba, sasa serikali ikifanya hivyo hivyo kwa nini tuipe jina lingine? Na kama kodi ni halali kweli, ni huduma zipi zinastahili kulipiwa na serikali? Na sisi tunaojilipia wenyewe mbona tusisamehewe?

Ndugu yangu, hayo ni maswali matatu na nitayajibu yote ila sio kwa urefu sawa, manake hilo la katikati ndio lenye nyama.

Tuanze na la wizi. Wanaokuambia ni swali la kitoto wanakosea. Mwanafalsafa wa Marekani Robert Nozick mwaka 1974 alilisimamisha kwa nguvu kuliko ulivyolisimamisha wewe, alisema kodi kwenye kipato cha kazi iko daraja moja na kazi ya shuruti, yaani ukikatwa kipato cha saa kadhaa ni kama umelazimishwa kufanya kazi saa hizo kwa faida ya mtu mwingine. Nimefundisha somo la fedha za umma miaka mingi na wanafunzi wakifika hapo darasa huwa linanyamaza, halafu jibu la kwanza linalotoka ni lile kwamba ukiishi kwenye nchi umeshakubali sheria zake. Mimi hilo jibu silitumii. Hamna mtu aliyesaini chochote siku anazaliwa, na kumwambia kama hutaki hama, hayo mwanafalsafa wa Uskoti David Hume alishayapinga tangu mwaka 1748, alisema ni sawa na kumbeba mtu usingizini ukampakia melini halafu akiamka katikati ya bahari unamwambia kwa kuwa bado umo humu basi umeridhia kumtii nahodha.

Jibu ninaloliamini linaanzia kwenye lile neno "yangu". Hela imekuwa yako kwa njia gani? Mwajiri anakulipa kwa sababu kuna mkataba, na mkataba una nguvu kwa sababu akikudhulumu utaenda mahakamani, na ile namba unayoiona kwenye akaunti inaitwa hela kwa sababu kuna benki kuu inayoilindia thamani, na kiwanja chako ni chako sio kwa kuwa una misuli kumshinda jirani ila kwa sababu kuna hati, kuna daftari la ardhi, na nyuma ya daftari kuna dola. Hivyo vyote vinaendeshwa kwa kodi. Kwa hiyo haijawahi kutokea siku ulikuwa na mshahara wako mzima umetulia mfukoni halafu ndio serikali ikaja kuumega, ile namba kubwa ya juu kwenye karatasi ya malipo ni hesabu tu, ukifuta kodi zote hubaki na namba ile, unabaki na kile unachoweza kukilinda kwa mikono yako. Wanafalsafa Liam Murphy na Thomas Nagel waliijenga hoja hii mwaka 2002 na mpaka leo sijaona iliyoibomoa.

Lakini hapo ni lazima tuwe makini sana, kwa sababu hoja hiyo mtawala mbaya anaweza kuibeba akasema basi kila kitu chenu ni changu. Hapana. Inachosema ni kwamba huwezi kuanza mjadala kwa kudhani hela yote ilikuwa yako kabla ya sheria. Haisemi kwamba kila kodi ni ya haki. Historia imejaa kodi ambazo mimi naziita uporaji bila kigugumizi. Sierra Leone mwaka 1898 Waingereza walitoza kodi ya nyumba kwa watu ambao hawakuwa na sauti yoyote kwenye kuipanga na watu wakainuka kupigana. Natal, koloni la Waingereza kusini mwa Afrika, mwaka 1906 ikaja kodi ya kichwa ya pauni moja, na shinikizo lake mojawapo lilikuwa kuwasukuma wanaume waache mashamba yao wakatafute vibarua vya mzungu ili wapate hiyo pauni, nako damu ilimwagika, ndio vita ile ya Bambatha, chifu wa Kizulu. Wenyeji waliolipa hawakuulizwa, hawakuweza kumtoa aliyewatoza, na ilikuwa inanunua utawala uliowakandamiza wao wenyewe. Kwa hiyo ukiniuliza mpaka uko wapi kati ya kodi na wizi, mimi sitazami kama umelazimishwa, kodi zote zina kulazimisha, hata ile bora kuliko zote. Natazama kama anayelipa ana namna ya kumtoa anayemtoza, kama kiwango kinajulikana mapema kwa sheria badala ya kutegemea afisa kaamkaje (hili mchumi Adam Smith alilisisitiza mwaka 1776, kwamba kodi isiyo na uhakika inamuweka mlipaji chini ya huruma ya mkusanyaji), na kama hela inarudi kwenye mambo ya pamoja. Kikikosekana kimoja kodi inaumwa, vikikosekana vyote ni uporaji hata ukipigwa muhuri.

Sasa twende kwenye huduma.

Kosa ambalo watu wengi wanafanya, na wataalamu wamo, ni kuuliza huduma fulani ina umuhimu gani. Umuhimu peke yake hautoshi. Chakula ni muhimu kuliko barabara na bado sehemu nyingi duniani chakula kinalimwa na kuuzwa na watu binafsi na kinafika. Swali ninalouliza mimi ni hili: asiyelipia akikosa, madhara yanaishia kwake au yanavuka ukuta?

Chukua moto. Mwaka 2010 kwenye kaunti ya Obion, jimbo la Tennessee, Marekani, huduma ya zimamoto kwa watu wa nje ya mji wa South Fulton ilikuwa ya hiari, ulipe dola 75 kwa mwaka ukitaka. Familia moja ilikuwa haijalipa. Nyumba yao ikashika moto, wakapiga simu, wakakataliwa, mwenye nyumba akasema atalipa gharama yoyote hapo hapo, bado wakakataa. Zimamoto walikuja pale moto ulipofika kwenye shamba la jirani ambaye alikuwa amelipa, wakazima wa jirani, nyumba ikaachwa iteketee wakiwa wanaiona. Kwa hesabu za biashara hawakukosea, manake wangezima kwa asiyelipa mwaka unaofuata nani angelipa? Kila mtu angesubiri nyumba iwake kwanza. Lakini angalia kilichotokea, yule jirani aliyelipa ada yake vizuri alikuta moto umeshamfikia ndio akahudumiwa. Alinunua huduma iliyosubiri hatari ivuke mpaka. Moto hausomi orodha ya waliolipa.

London walipita njia hiyo hiyo ila kwa polepole. Baada ya ule moto mkubwa wa 1666 zikaanzishwa kampuni za bima na kila moja ikawa na kikosi chake cha kuzima moto. Mwaka 1833 zikaunganisha nguvu kikawa kikosi kimoja, bado cha kampuni za bima. Mwaka 1861 maghala ya mtaa wa Tooley yakaungua, mkuu wa kikosi chenyewe James Braidwood akafia pale, na kampuni zikaiambia serikali sisi mzigo huu hatuuwezi tena, tunalinda jiji zima wakati wanaotulipa ni wateja wetu tu. Sheria ikapitishwa 1865 na mwaka uliofuata zimamoto ikawa ya umma. Naipenda habari hii kwa sababu hamna mjamaa aliyekuja kuwanyang'anya, wafanyabiashara wenyewe ndio walioomba watuliwe mzigo.

Na mfano wa maji taka unanigusa zaidi kwa sababu unafanana na hali yako ya kujitegemea. London hiyo hiyo, katikati ya karne ya 19, wenye uwezo walijinunulia vyoo vya kuvuta maji, wakafurahi, uchafu ukatoka nyumbani kwao ukaingia kwenye mifereji, mifereji ikamwaga mto Thames, na kwenye Thames ndiko kampuni kadhaa za maji zilikokuwa zinachota maji ya kuuzia watu. Kila mtu ametatua shida yake kwa hela yake na wote kwa pamoja wakawa wanakunywa uchafu wao. Kipindupindu cha 1853 na 1854 peke yake kiliua watu zaidi ya elfu kumi jijini. Daktari John Snow akaonyesha mwaka 1854 kwamba ugonjwa unasafiri kwenye maji, wengi hawakumsikiliza. Kilichowaamsha wabunge ni kiangazi cha 1858 pale mto uliponuka mpaka ndani ya bunge lenyewe lililo ukingoni mwa mto, ndipo ndani ya siku 18 sheria ikapita na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mabomba makubwa ya maji taka, fedha iliyorudishwa kwa kodi za wakazi. Kipindupindu kilirudi 1866 na kikapiga mashariki mwa jiji, eneo ambalo mfumo mpya ulikuwa haujakamilika.

Huwa nasita kidogo nikifika hapo darasani. Watu elfu kumi na ushee walikufa kwenye jiji tajiri kuliko yote ya wakati ule, na sio kwamba hela ya mabomba haikuwepo, ilikuwepo, imetawanyika kwenye mifuko ya watu ambao kila mmoja peke yake asingeweza kununua bomba linaloanzia kwake mpaka baharini. Kuna vitu havinunuliki kipande kipande.

Ugonjwa wa kuambukiza ni hivyo hivyo. Ndui iliua watu takriban milioni 300 kwenye karne ya 20, na mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani likaanza kampeni ya nguvu ya kuifuta, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida akapatikana Somalia mwaka 1977, na 1980 ikatangazwa imeisha duniani. Nani angeuza bidhaa hiyo? Duka linaweza kukuuzia chanjo ya mkono wako. Kutokuwepo kwa ndui duniani hakuuziki, kwa sababu ukishakutengeneza wanafaidika waliolipa na wasiolipa na huna namna ya kumtoa yeyote. Kila mwenye akili angekaa pembeni adandie, na wote tukidandia gari halitoki. Mchumi Paul Samuelson aliiweka hoja hiyo kwenye hesabu mwaka 1954 na ndio msingi wa tunachokiita bidhaa za umma: ulinzi wa mipaka, mahakama, takwimu za taifa, utabiri wa hali ya hewa, utafiti wa msingi. Hata ile GPS kwenye simu yako inalipiwa na walipa kodi wa Marekani na wewe unaitumia bure popote ulipo.

Ila nisikudanganye kwamba kila kitu cha pamoja lazima kiwe cha serikali. Mchumi Ronald Coase mwaka 1974 alionyesha kwamba minara ya taa za meli Uingereza, ambayo wachumi walikuwa wanaitaja kama mfano wa kitu ambacho soko haliwezi, mingi ilijengwa na watu binafsi na ikalipiwa kwa tozo za meli bandarini. (Ukiangalia vizuri tozo zile zilikuwa za lazima kwa kibali cha mfalme, kwa hiyo mimi naona alishinda nusu tu.) Na Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi 2009 akiwa mwanamke wa kwanza kuipata, alitumia maisha yake kuonyesha watu wanaogawana mfereji wa umwagiliaji au msitu au bwawa la samaki wanavyojiwekea kanuni na kuadhibiana wenyewe bila polisi, miaka na miaka. Inawezekana pale watu wanapojuana na wanaonana kila siku. Mji wa watu milioni hauwezi kuendeshwa hivyo.

Afya na elimu hazikai vizuri kwenye kipimo changu cha ukuta, na nakiri. Mguu wangu ukivunjika maumivu ni yangu. Hapa kuna sababu nyingine mbili. Kwenye afya ni bima yenyewe, kwa sababu bima ya hiari ina ugonjwa wake wa kuzaliwa, anayejijua anaumwa anakimbilia kujiunga, mzima anasubiri, bei inapanda, mzima mwingine anatoka, bei inapanda tena, mpaka wanabaki wagonjwa watupu na bei isiyolipika. Mchumi George Akerlof alieleza mwaka 1970 namna soko linavyoweza kufa kwa sababu upande mmoja unajua kitu ambacho mwingine haujui. Dawa yake ni kuwaingiza wote, na kuwaingiza wote kwa lazima, uite kodi au uite mchango, ni jambo lile lile. Hata hiyo bima yako inakubeba vizuri leo kwa kuwa uko kazini na una nguvu, kawaulize wastaafu.

Kwenye elimu sababu ni mtoto. Mtoto hajachagua mzazi. Hoja zote za "kila mtu avune alichopanda" zinakufa mbele ya mtoto wa miaka sita, kwa sababu hajapanda chochote, na nchi inayomwambia akili yako itasomeshwa kulingana na mfuko wa baba yako inafanya dhuluma, sina neno lingine. Kwa hiyo shule ya msingi na sekondari naziweka kwenye kodi bila mjadala. Chuo kikuu ni tofauti kidogo, mhitimu mwenyewe anavuna sehemu kubwa, kwa hiyo naona haki ni kugawana, kama walivyofanya Australia kuanzia 1989, unasoma kwanza, unarudisha kupitia mfumo wa kodi pale kipato chako kikifika kiwango fulani, kisipofika hudaiwi.

Na visivyostahili? Viwanja vya michezo vya timu za kibiashara, wachumi wamechunguza kwa miaka mingi na wengi wao wanakubaliana hela ya umma hairudi, faida inabaki kwa wenye timu. Ruzuku ya mafuta kwa kila mtu, kwa sababu anayechoma mafuta mengi ni mwenye magari mengi, maskini anatajwa kwenye hotuba tu halafu hela inaishia kwenye tangi la tajiri. Ukitaka kumsaidia maskini mpe yeye. Kampuni iliyofilisika kwa uzembe wake kuokolewa kila baada ya miaka michache. Misafara ya wakubwa. Hapo mtu anayesema kodi inaliwa ana haki ya kusema na mimi nipo upande wake.

Kitu kingine kinachochanganywa: serikali kulipia sio lazima serikali kuendesha. Inaweza kulipia barabara na kampuni ikaijenga, inaweza kulipia matibabu na hospitali ikawa ya taasisi ya dini. Ukinishawishi kwamba serikali yako haiwezi kuendesha kitu, hujanishawishi kwamba haipaswi kukilipia. Ila na huko kuna mtego, mkataba mbaya na kampuni binafsi unaweza kuwa ghali kuliko uzembe wa ofisi ya umma, na mara nyingi mkataba huo mlipa kodi haruhusiwi kuusoma.

Namna ya kutoza nayo ina uzito wake, nitaipita haraka. Uingereza ilitoza kodi ya madirisha kuanzia 1696 mpaka 1851, watu wakaziba madirisha kwa matofali, serikali haikupata hela ya dirisha lililozibwa na mwenye nyumba akakosa hewa, wote wamepoteza. Mwaka 1990 waziri mkuu Margaret Thatcher alileta England kodi ya kichwa, ndani ya halmashauri moja tajiri na mfagizi wanatozwa sawa, kulikuwa na ghasia London mwezi wa tatu na yeye akaondoka madarakani mwaka ule ule. Watu wanavumilia kodi nzito kuliko wanavyovumilia kodi isiyo sawa. Na hiyo unayolipa juu ya bei ya bidhaa inamuuma zaidi asiye nacho, kwa sababu yeye kipato chake chote kinaishia kwenye matumizi wakati mwenye nacho sehemu kubwa anaiweka akiba.

Limebaki la kusamehewa. Naelewa uchungu wako, unalipa mara mbili, na hilo ni lalamiko halali kabisa, serikali ikichukua kodi ya shule halafu shule ikawa haina walimu, ile sababu niliyokupa juu ya uhalali wa kodi inapungua nguvu siku hadi siku. Lakini kusamehewa hapana. Moja, hukununua kinga ya kipindupindu ulipomlipa mlinzi, na daktari anayekutibu kwa bima yako inawezekana kabisa alisomeshwa kwa kodi. Pili, na hili ndio linalonisumbua hasa, mchumi Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kwamba huduma ikiharibika wanaoondoka kwanza ni wale wanaojali ubora na wenye uwezo wa kuondoka, yaani wale wale ambao wangebaki wangepiga kelele ikasikika. Mzazi kama wewe anayejua kuandika barua, anayejua afisa yupi anawajibika, ukitoka kwenye shule ya umma wanabaki watoto ambao wazazi wao hawasikilizwi. Wewe mwili umeshaondoka, kodi yako ndio uzi pekee uliobaki unaokupa haki ya kuuliza. Ukisamehewa na uzi unakatika.

Kwa hiyo uliza. Tafuta ripoti ya mkaguzi wa hesabu za serikali, nchi nyingi inatoka kila mwaka na ni ya wazi. Usianze na jumla kubwa, utachoka. Chukua huduma moja inayokukera, kama ni shule chukua shule, kisha linganisha hela iliyopitishwa kwenye bajeti na hela iliyotolewa kweli, huwa hazifanani, halafu angalia hoja za ukaguzi ambazo zimejirudia mwaka huu na mwaka jana bila kujibiwa. Hizo zilizojirudia ndio za kwenda nazo kwa mwakilishi wako. Ukikwama kwenye kuzisoma niandikie tena, unitumie na ukurasa wenyewe.